Barabara ya Chogoria ilipotukatalia

*Tulikwenda kutafuta maziwa ya Mlima Kenya. Tope likatuzungusha hadi upande wa pili, theluji ikatukuta huko, na gharama ya safari ikawaangukia watu ambao hawakuipanga.*

Lori la mbao lilikuwa limelalia ubavu, magurudumu yake ya kushoto yamezama topeni hadi nusu. Nyuma yake zilisimama Land Cruiser mbili, na nyuma ya hizo tulisimama sisi, watu saba na mabegi tisa, tukitazama maji mekundu yakiteremka barabarani. Ilikuwa saa tano asubuhi, Ijumaa, mvua za vuli zimekolea. Lango la mbuga lilikuwa bado mbali, juu kabisa msituni. Vijana sita waliokuja kutubebea mizigo walikuwa wamejikunyata chini ya turubai wakila ndizi.

Dereva alishuka, akaijaribu barabara kwa mguu mmoja. Gambuti likazama lote. Alilichomoa kwa mikono miwili, akarudi garini bila neno, akazima injini.

Mhariri alikuwa amenituma nikaandike habari za maziwa ya upande wa Chogoria: Ellis, na Michaelson lililo chini ya kuta za Bonde la Gorges. Mpango ulikuwa wa siku nne. Tupande kwa Chogoria, tulale njiani bila haraka, tufike Point Lenana alfajiri moja, kisha tuteremkie Sirimon, upande wa Nanyuki. Wengi wanaoujua mlima huo husema njia ya Chogoria ndiyo inayopendeza kuliko zote. Mimi sikuiona.

Hadi saa nane mchana lori lilikuwa palepale. Wakala aliyetuuzia safari hakupokea simu. Baadaye alituma ujumbe kwamba mvua ni ya Mungu na arbuni hairudishwi. Ndipo mmoja wetu, mhandisi wa mitambo wa miaka thelathini na kitu, akafungua ramani kwenye simu, akasema mlima ni duara. Tuuzunguke.

Siku ya kazi isiyo na kazi

Kuuzunguka kwenyewe si kazi kubwa. Kutoka Chogoria unapita Nkubu, unaingia Meru mjini, unafuata barabara ya Timau, na kabla hujafika Nanyuki unakunja kushoto kuelekea lango la Sirimon. Ni mwendo wa mchana mmoja.

Kazi ilikuwa ni kuwaambia wale vijana sita.

Kila upande wa Mlima Kenya una waelekezi na wapagazi wake. Wa Chogoria hubeba Chogoria, na wa Nanyuki hawafurahii kuona mgeni na mizigo ya wengine langoni kwao. Tukienda Sirimon, vijana hawa watarudi nyumbani. Walikuwa wameamka kabla ya jogoo, wengine wametembea kwa miguu hadi pale tulipokwama.

Mabishano yalifanyika ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mhandisi alishikilia kwamba sisi tumeshamlipa wakala, na wakala ndiye mwajiri wao. Mwalimu wa sekondari kutoka Machakos, mama mwenye sauti ya chini ambaye tangu Nairobi alikuwa hajasema mengi, aliuliza kama kuna yeyote kati yetu anayeamini kwamba wakala asiyepokea simu zetu atapokea za hao. Hakuna aliyejibu. Tukachanga nusu ya ujira wa siku kwa kila mmoja.

Mkubwa wao alizihesabu noti mbele yetu, taratibu, akatushukuru kwa sauti ya mtu asiyeona la kushukuru. Kisha wakaanza kuteremka, turubai likiwa kichwani mwa wawili wa mbele.

> Wao ndio walioujua mlima kuliko sisi wote, na ndio pekee waliorudi nyumbani siku hiyo.

Baridi, akasema

Mlima Kenya una vilele vingi lakini mazungumzo ni ya vitatu. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya watu wa kamba na vyuma. Lenana, mita 4,985, mtu hufika kwa miguu yake, na kwa hiyo ndicho kila mwenye wikendi na buti hukiota. Majina hayo matatu yanatokana na ukoo mmoja wa viongozi wa Kimaasai. Mwingereza Halford Mackinder ndiye aliyeyabandika mwaka 1899, alipofika Batian na Wazungu wenzake wawili.

Wenyeji walikuwa na majina yao. Wakikuyu huuita Kirinyaga, na wazee wengi hulieleza jina hilo kwa mbuni: mwamba mweusi, theluji nyeupe, kama manyoya ya dume la mbuni.

Ulaya, habari ya theluji karibu na ikweta ilipokewa kwa kicheko. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na mwenzake Ludwig Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwezi Desemba 1849. Wataalamu wa jiografia waliokuwa wamekaa London waliwapinga kwa miaka. Nami hupenda kukumbuka kwamba Rebmann alipomuuliza mwenyeji aliyemwongoza ule weupe ni nini, alijibiwa kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Jibu lilitosha, ila halikufika London.

Hapa inafaa kutenganisha theluji na barafu, maana wengi huvichanganya, hata sisi waandishi. Barafu ya Mlima Kenya ni mzee anayekufa. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Theluji ni kitu kingine. Huja na wingu la vuli au la masika, ikaanguka usiku, ikang'aa asubuhi, na jua la ikweta likaila kabla ya chakula cha mchana.

Mvua iliyolizamisha lori kule Chogoria, wingu lake hilohilo lilikuwa juu likimwaga theluji. Sisi hatukulifikiria hilo. Tulikuwa tukifikiria tope.

Mitumba na karatasi ya mkate

Kwa maziwa ya Chogoria tulikuwa tumejiandaa kwa mvua. Kwa theluji tulikuwa na mitumba.

Koti langu lilitoka soko la Gikomba, zito, la buluu, na kwenye zipu yake kulikuwa bado na tiketi ya lifti ya kupandisha watu wa kuteleza thelujini huko Ulaya. Glavu tulikuwa na jozi nne kwa watu saba, kwa hiyo watatu walivaa soksi mikononi. Soksi za miguuni zilihitaji kinga dhidi ya maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo mkombozi akawa ni karatasi ya mkate. Tulinunua mikate kumi na minne Timau, tukala tuliyoweza, tukavaa iliyobaki.

Tulijiona wabunifu wakubwa. Hadi mwelekezi wetu mpya, mtu wa makamo wa Nanyuki, alipotusimulia habari ya Waitaliano.

Wakati wa Vita vya Pili, Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita Nanyuki. Felice Benuzzi alikuwa mmoja wa wafungwa, na kila wingu lilipofunguka aliuona mlima juu ya seng'enge. Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka, si kukimbilia kwao, bali kupanda. Kamba walizisuka kwa mkonge wa vitanda vyao. Shoka za barafu zilikuwa nyundo. Meno ya kuvaa chini ya buti waliyachonga kwa mabati ya magari mabovu. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Batian iliwashinda. Tarehe 6 Februari wawili wakasimika bendera ya Italia juu ya Lenana. Wa tatu alikuwa mgonjwa, akabaki chini. Kisha wakarudi kambini wenyewe, njaa ikiwa imewakausha, wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia 7.

Kisa hicho husimuliwa sana kama sifa ya kubuni papo kwa papo. Mimi naona waliobuni ni vifaa tu. Safari yenyewe waliipanga kwa miezi.

Usiku wa Old Moses

Jumamosi langoni Sirimon, mita 2,650, askari aliandika majina yetu, siku tunazokaa na namba za jamaa wa kupigiwa simu. Mtu peke yake haruhusiwi kupanda. Aliyatazama mabuti yetu jozi kwa jozi na kuguna mara moja, mbele ya mhandisi.

Kilomita tisa za barabara pana zikatufikisha kambi ya Old Moses, mita 3,300. Eneo hilo pia lina jina la Judmaier, na usiku, juu ya bakuli la dengu, mwelekezi akaeleza kwa nini.

Septemba 1970 daktari kutoka Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alimhudumia pale pale juu ya mwamba. Waokoaji wa Kenya walipanda, wengine wakasafirishwa kwa ndege kutoka Austria, na kumteremsha kukachukua zaidi ya wiki. Judmaier aliishi. Rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia alikufa mlimani, naye hakuwa amepanga kupanda mlima wowote.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka dengu za kuongeza.

Tulikuwa tumepoteza siku moja, na Jumatatu usiku kila mtu alitakiwa awe Nairobi. Mhandisi alikuwa na hesabu yake: Jumapili kambi ya Shipton, Jumatatu saa tisa usiku tuondoke kwenda Lenana, jua lituchomozee kileleni, turudi kambini, tuteremke hadi langoni kabla ya giza. Wapo wanaofanya hivyo kila wikendi. Wapo hata wanaopanda na kushuka kwa siku moja.

Mwelekezi hakumbishia kwamba haiwezekani. Alisema tu kwamba kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900 za kwenda juu, wakati madaktari wa milima hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya 500 mahali pa kulala kwa siku. Ratiba yetu ya kwanza ilikuwa na usiku wa ziada kwa sababu hiyo. Usiku huo tuliuacha Chogoria, kwenye tope.

> Ukipoteza siku mlimani, kinachopungua ni muda wa mwili kuizoea hewa. Kilele kinabaki palepale kilipokuwa.

Bonde jeupe

Jumapili tulivuka mito miwili na kuukwea mgongo mrefu wa majani magumu. Tulipoingia Bonde la Mackinder mvua ilibadilika sauti. Kwanza ilikuwa ikigonga kofia za makoti, kisha ikawa haigongi. Nikanyoosha mkono. Juu ya soksi niliyovaa kama glavu kulikuwa na chembe nyeupe, moja, mbili, kumi, zikikaa kidogo kabla ya kuyeyuka.

Mimi ni mtoto wa Kilifi. Theluji niliijua kwa televisheni na kwa friji iliyosahauliwa kuzimwa. Sikujua kwamba inanyamazisha. Maji ya mto yaliyokuwa yakinguruma kando yetu yalikuwa kama yamefunikwa blanketi. Lobelia kubwa, zile zenye umbo la nguzo, zilikuwa zimekunja majani yake kuukinga moyo wake na baridi, na kila jani lilibeba theluji yake kama sahani. Pimbi walikuwa wamejibanza chini ya jiwe, wanne, wakatutazama tunavyopita.

Mwalimu alisimama mbele ya lobelia moja kwa muda mrefu. Akaigusa theluji kwa kidole, akaionja, akacheka. Nusu saa baadaye alikaa juu ya jiwe akashika kichwa. Kabla ya kufika Shipton alikuwa ametapika mara mbili.

Shipton iko mita 4,200. Pale kila pumzi hukupa takriban asilimia 60 ya oksijeni ambayo ungeivuta Mombasa, na Lenana ni pungufu zaidi, nusu na kidogo. Joto nalo hushuka kadiri unavyopanda, kama nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000. Mwalimu alipewa chai ya tangawizi, akafunikwa mablanketi, akachunguzwa kila saa kama anaongea sawasawa na anatembea bila kupepesuka. Mwelekezi alikuwa ameshaamua: akizidiwa, atateremshwa usiku huohuo, watu wawili wa kumshika na mmoja wa taa.

Hapo ndipo ugomvi ulipopata sura yake. Mhandisi alitaka kwenda saa tisa usiku. Alikuwa mzima, kichwa hakimuumi, na amelipa. Mlima ni wa Wakenya, akasema, na Mkenya mwenye kazi hana wiki nzima ya kuuzoea kama mtalii wa dola. Akisubiri likizo iliyokamilika atazeeka hajafika Lenana. Hoja hiyo naiheshimu. Ni kweli safari za mlima zimepangwa kwa kalenda ya wageni.

Ila sheria ilikuwa moja: hakuna kwenda bila mwelekezi. Nao walikuwa wawili, mkubwa na msaidizi wake. Akienda na msaidizi, tutabaki watu sita na mwelekezi mmoja, na mgonjwa ndani ya kibanda. Watu watatu wa kumteremsha wangetoka wapi, hakuuliza.

Walikwenda. Nilisikia buti zao zikikwaruza changarawe iliyoganda, kisha kimya.

Saa moja unusu

Mwalimu alilala na kuamka nafuu kidogo. Hatukuwa na kilele, tulikuwa na asubuhi moja. Mmoja wa wapagazi wa Nanyuki akajitolea kukaa naye wakati chai inachemka, na mwelekezi akatuambia watano tuliobaki tuvae karatasi zetu za mkate. Tungepanda kwa saa moja unusu juu ya kambi, si zaidi, kisha turudi.

Ilikuwa saa bora ya safari yote. Wingu lilikuwa limelala chini yetu, jeupe. Batian ilisimama mbele, nyeusi na nyeupe, na wale wazee wa mbuni nikawaelewa. Theluji ilitufika kwenye vifundo vya miguu. Mwelekezi alitufundisha kukanyaga nyayo zake, kupiga kisigino tunapoteremka, na kuvaa miwani, maana mwanga unaorudi kutoka kwenye theluji huunguza macho hata jua likiwa dogo. Muda ulipotimia aligeuka. Hakuna aliyebisha. Tuliporudi kambini saa tatu, paa la kibanda lilikuwa linadondosha maji.

Mhandisi alirudi karibu saa nne. Alikuwa amefika Lenana, ana picha, na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo sikutaka kumharibia. Lakini soli ya buti lake la kulia ilikuwa imebanduka yote. Gundi ya mitumba haikuzoea kuganda na kuyeyuka. Msaidizi alikuwa ameifunga kwa kamba ya mkonge, mizunguko minane. Mwelekezi aliitazama ile kamba, akatabasamu, na nadhani wote tuliwakumbuka Waitaliano.

Kwa buti hilo alitembea zaidi ya kilomita ishirini hadi langoni. Tulimsubiri kila mteremko. Mwalimu, aliyetakiwa kushuka haraka kuliko sisi sote, alishuka kwa mwendo wa soli ya mwenzake hadi mwelekezi alipochoka, akamtanguliza na wapagazi wawili. Kufikia Old Moses kichwa chake kilikuwa kimepoa. Sisi wengine tulifika langoni taa za askari zimewashwa, na Nairobi alfajiri ya Jumanne.

Mhandisi bado anasema angeenda tena. Mwalimu anasema vilevile, ila kwa siku tano.

Siku ninayoandika haya, wakala hajarudisha arbuni. Nilimpigia simu yule mkubwa wa vijana wa Chogoria kumuuliza habari za barabara. Akaniambia lori liliondolewa Jumamosi mchana, na wao sita ndio waliolisukuma. Ukipanga kwenda huko vuli hii, mpigie mtu wa pale kabla hujatoka Nairobi, na weka pembeni ujira wa siku nzima wa kila mpagazi, mpande msipande.